Krosi ya propela na dosari yake ya kuzaliwa

Kazi ya kufungua propela haianzi na spana, huanza na alama. Fundi anayeijua kazi, awe Muyeye kule Malindi, awe Changamwe kule Mombasa, hujilaza chini ya gari, akafuta flanji ya difu kwa tambara, kisha akapiga mstari wa rangi au akakwaruza kwa ncha ya tindo, mstari unaotoka kwenye flanji na kuvuka hadi kwenye propela. Pale ambapo propela imechomekwa na kuachiwa nafasi ya kuteleza, hupiga alama ya pili. Ndipo anapotafuta spana. Asiyejua huona hizo ni mbwembwe. Hufungua bolti zake nne, akatoa krosi iliyokufa, akapachika mpya, akarudisha propela jinsi itakavyoingia, na kesho yake mwenye gari yuko pale pale akilalamika kwamba krosi ni mpya, pesa imetoka, na gari linatetemeka kuliko jana.

Wote wawili wanashughulika na dosari moja ambayo kiungo hiki, krosi, kilizaliwa nayo. Ilijulikana zaidi ya miaka mia mbili kabla gari la kwanza halijawashwa, na aliyeieleza vizuri kabisa alikuwa akihangaika na vivuli vya jua. Tangu hapo watu wameishi nayo, wameikwepa, wameificha ndani ya bomba, na mara nyingine wameisahau.

Krosi yenyewe ni kitu kidogo, hutosha kwenye kiganja. Ni chuma chenye mikono minne kwa umbo la msalaba, na kila mkono umevikwa kikombe ambacho ndani yake zimejipanga sindano nyembamba za chuma zilizolowa grisi. Mikono miwili inayotazamana hushikwa na yoki ya propela, ule mhimili mrefu unaopeleka mzunguko kutoka giaboksi hadi difu. Miwili iliyobaki hushikwa na yoki ya giaboksi au ya difu. Yoki ni kama panda ya manati. Panda mbili zikikabiliana, moja imesimama na nyingine imelala, na msalaba ukiziunga katikati, mhimili mmoja unaweza kuuzungusha mwingine hata kama haiko kwenye mstari mmoja. Ndivyo giaboksi, iliyofungwa juu pamoja na injini, inavyoweza kuizungusha difu inayopanda na kushuka pamoja na springi kila gurudumu linapoingia shimoni.

Na mashimo Muyeye yapo. Ni mtaa wa Malindi ambao lami ikiisha huanza mchanga, na chini ya mchanga mwamba wa matumbawe. Bodaboda ndizo nyingi, zikifuatwa na tuktuk. Kisha kuna Probox, Hiace za abiria wa Mombasa, Canter za kubeba mawe na mchanga, na Land Cruiser za watalii wanaokwenda Tsavo Mashariki kupitia lango la Sala. Kaskazini, Gongoni na Marereni, kuna viwanda vya chumvi, na malori yanayoshusha chumvi kwenda Mombasa hayana njia nyingine ila kupitia Malindi. Kwa krosi, mwendo wa aina hii ni shule ngumu.

Nusu ya wazo la krosi watu wa pwani wamelijua kwa muda mrefu, tena baharini. Dira ya chombo huning'inizwa katika pete mbili, moja ndani ya nyingine, kila moja ikiegemea vishikizo viwili vilivyowekwa kukatana na vya mwenzake. Jahazi likilala upande, likiinuka tezi, likizama omo, dira hubaki imetulia. Ufundi huo ni wa kale. Wachina wanamtaja Ding Huan, karibu mwaka 180, aliyetengeneza chetezo cha kuwekwa katikati ya matandiko bila makaa kumwagika. Ulaya, mwaka 1550, tabibu na mwanahesabu wa Italia Gerolamo Cardano aliueleza mpangilio huo katika kitabu chake kiitwacho De Subtilitate, na kwa kuandika tu akaibeba sifa nzima: Waitaliano, Wafaransa na Wajerumani mpaka leo huita propela na viungo vyake kwa jina lake, ingawa hakuubuni. Malindi, mji wenye Waitaliano wengi tangu enzi za kituo cha kurushia setilaiti cha San Marco pale Ngomeni, jina hilo la Cardano limesikika gereji mara nyingi kutoka kwa wenye magari, bila anayelisema kukumbuka kwamba lilikuwa la mtu.

Lakini pete za dira na krosi ya gari zina kazi zinazopingana. Pete hukaa pale ili msukosuko wa nje usifike ndani. Krosi hukaa pale ili mzunguko wa upande mmoja ufike upande wa pili wote, usipotee hata chembe njiani. Hatua ya kutoka kwenye kuzuia hadi kwenye kupitisha ndiyo iliyochukua muda. Kasisi Mjerumani Gaspar Schott alikieleza kiungo cha kupitisha mzunguko katika kitabu cha mwaka 1664, na miaka michache baadaye kikaangukia mikononi mwa Robert Hooke.

Hooke alizaliwa mwaka 1635 katika kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza. Tangu 1662 alikuwa msimamizi wa majaribio wa Royal Society, jumuiya ya wanasayansi wa London, na kazi yake ilikuwa kuwaandalia wakubwa jambo jipya la kutazama kila walipokutana. Alichora kiroboto alivyoonekana kwenye hadubini, akapima viwanja vya London baada ya moto mkubwa wa 1666, akagombana na Newton mpaka mwisho wa maisha yake. Mwaka 1676 alichapisha kijitabu kuhusu vyombo vya kulitazamia jua, na humo akakieleza kiungo cha msalaba na kukipa jina ambalo makanika wa Kenya wamelikata likawa yuniva.

Alichokitaka hasa kilihusu saa ya kivuli, ile ya bapa lenye mistari na kijiti kilichoinama. Jua hutembea kwa mwendo sawa, nyuzi 15 kila saa, lakini kivuli chake juu ya bapa lililolala hakitembei sawa. Karibu na adhuhuri hujikokota. Asubuhi na jioni hukimbia. Hooke alitambua kwamba kiungo chake kinafanya vivyo hivyo. Ukizungusha mhimili wa kwanza kwa mwendo sawa, na wa pili umepinda pembeni, wa pili hautazunguka sawa. Utaharakisha, utapunguza, utaharakisha tena, utapunguza tena, mara mbili kila mzunguko. Mwanasayansi mwingine angekiona kiungo kibovu na kukitupa. Hooke alikuta kwamba hesabu ya upungufu huo ndiyo hesabu ya kivuli, neno kwa neno. Kwa London, iliyo karibu nyuzi 51 na nusu kaskazini mwa ikweta, mihimili ikikunjwa nyuzi 38 na nusu, chombo kitachora mistari ya saa ya kivuli bila mtu kupiga hesabu yoyote.

Hapa Malindi chombo hicho kingegoma. Mji uko nyuzi 3 na kidogo tu kusini mwa ikweta, na hesabu ile ile ingetaka mihimili ikunjwe karibu nyuzi 87. Hakuna krosi inayoweza. Yoki zingegongana muda mrefu kabla ya kufika huko.

Uzuri wa dosari hiyo uliishia kwenye saa za kivuli. Katika mashine ni balaa, na ukubwa wake unategemea pembe. Tuseme giaboksi inazungusha mara 1,000 kwa dakika. Propela ikiwa imeinama nyuzi 10, upande wa pili wa krosi utapanda hadi 1,015 na kushuka hadi 985. Ikiinama nyuzi 30, utapanda hadi 1,155 na kushuka hadi 866. Chuma hakipendi kuvutwa na kusukumwa namna hiyo, na abiria aliyekaa juu yake hapendi pia.

Dawa ni krosi ya pili. Ya kwanza ikiharakisha, ya pili ipunguze kwa kiasi kile kile, ili kinachofika kwenye difu kiwe sawa na kilichotoka kwenye giaboksi. Dawa hiyo ina masharti mawili. Pembe za krosi mbili ziwe sawa. Na yoki mbili zilizo kwenye propela yenyewe, ya mbele na ya nyuma, zilale katika bapa moja. Sharti la pili likivunjwa, krosi ya nyuma haiifuti dosari ya mbele bali huiongeza. Propela nyingi za gari zina vipande viwili vinavyoteleza kimoja ndani ya kingine kwa meno, na meno hayo humruhusu fundi kuvichomeka kwa namna nyingi, nyingi kati ya hizo zikiwa makosa. Alama ya tindo kwenye meno hayo kazi yake ni hiyo moja.

Kwa karne mbili kiungo kilibaki kwenye viwanda na vyombo vya maabara. Magari ya mwanzo hayakukitaka sana. Yalitumia mikanda na minyororo kama bodaboda zetu zinavyotumia hadi leo, na yalipata shida zile zile: mchanga kuingia, mnyororo kulegea, mnyororo kukatika. Mabadiliko yalitoka kwa kijana wa miaka 21, Louis Renault, aliyekuwa akichezea vyuma katika kibanda cha wazazi wake huko Billancourt, karibu na Paris. Usiku wa kuamkia Krismasi wa 1898 alikipandisha kigari chake mlima wa Montmartre, kupitia barabara ya Lepic, mbele ya marafiki waliodhani hakitafika. Kilifika, na waliokipanda wakaagiza vyao. Ndani yake hamkuwa na mnyororo. Nguvu ilitoka kwenye giaboksi kwa mhimili wenye viungo, ikaingia kwenye meno ya nyuma. Mwaka 1899 Renault alipata hataza ya mfumo wake.

Marekani tatizo lilichukua sura nyingine. Viungo vya wakati huo vilikuwa uchi, vikila vumbi na kutema grisi. Clarence Spicer, mwanafunzi wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Cornell, alikuwa akibuni gari lake na hakuridhika na mnyororo. Kiungo alichokichora kilifunikwa ili grisi ikae ndani na vumbi libaki nje. Hataza ilitoka Mei 1903, na mwaka uliofuata akaanzisha kampuni huko Plainfield, New Jersey. Kampuni iliyumba kwa ukosefu wa fedha mpaka 1914, alipoingia mwanasheria Charles Dana na mtaji wake. Kwa jina la Dana ndivyo inavyojulikana tangu 1946. Kwenye masanduku ya krosi bado wanaandika Spicer. Miaka ya 1930 vikombe vya bushi vilianza kuwapisha vikombe vya sindano, na krosi ikapata umbo ambalo fundi wa leo angelitambua bila kuambiwa.

Si wote waliokubali krosi mbili. Ford Model T, gari lililoifundisha dunia kuendesha, lilikuwa na krosi moja tu, mbele, na propela yake ilizungukia ndani ya bomba la chuma lililokwenda mpaka difu. Peugeot walishika njia hiyo ya bomba kwa muda mrefu, na hapo ndipo historia hii inapoingia Afrika Mashariki kwa kishindo. Peugeot 404 ilishinda mbio za East African Safari mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968, mara mbili kati ya hizo usukani ukiwa kwa Bert Shankland wa Tanzania. Gari lililovuka matope na vumbi namna ile lilikuwa limeficha propela yake bombani, mbali na mawe. Mrithi wake, 504, alifuata mkondo huo huo, na zipatazo 27,000 ziliunganishwa humu humu Kenya. Teksi za Peugeot za kugawana nauli zilizotawala barabara za nchi hii miaka ya 1970 na 1980 zilitoka katika ukoo huo.

Bomba lilikuwa kinga nzuri, lakini lilikuwa na deni. Kiungo kikifa, fundi hawezi kukifikia kwa bolti nne. Lazima ekseli nzima ya nyuma ishushwe na kuvutwa, kazi ya kutwa kwa kitu ambacho gari jingine lingemaliza kabla ya chakula cha mchana. Kwa nchi ambayo magari hutengenezewa chini ya mti, nadhani propela ya wazi ilistahili kushinda, na ilishinda. Land Rover, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, ilikuwa na propela mbili za wazi, moja ya mbele na moja ya nyuma, kila moja na krosi zake mbili na nipeli za kutilia grisi. Malori ya Bedford na Isuzu, na baadaye Canter na Hiace, yalikuja kwa mpango ule ule. Mwaka 1977 kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers kilipoanza kuunganisha magari Mombasa, propela ya wazi ilikuwa tayari ndiyo kanuni ya kila chombo cha kubeba mzigo pwani hii.

Sasa turudi kwenye kivuli cha mkilifi, maana mti huo ndio paa la gereji nyingi za Malindi, na tuitazame kazi yenyewe.

Dereva huja na utambuzi wake tayari: "Fundi, difu yangu imekwisha." Akitia gia, husikika tak! kutoka chini. Akiachia mafuta, tak! nyingine. Fundi haanzi na difu. Huzuia magurudumu kwa mawe, akaweka gia huru, akaikamata propela kwa mikono miwili na kuizungusha huku na huku, macho yakiwa kwenye krosi. Yoki ikitikisika huku mwenzake ametulia, difu imeponea. Akiona unga mwekundu wa kutu umejipanga kwenye midomo ya vikombe, hahitaji hata kutikisa: grisi imekauka ndani, sindano zimekuwa vumbi.

Propela ikishatoka, hasa ile inayoingia moja kwa moja kwenye mkia wa giaboksi, oili hufuata nyuma yake, na utingo ambaye hakuandaa tambara au yoki kuukuu ya kuziba tundu huoga. Saklipi, zile pete zinazovizuia vikombe visitoke, hutolewa kwa koleo, zikikataa hulainishwa kwa mafuta na kugongwa kidogo. Kisha yoki hubanwa kwenye jiliwa kati ya soketi mbili. Ndogo, inayolingana na kikombe, husukuma upande mmoja. Kubwa hukaa upande wa pili kupokea kikombe kinachotoka. Jiliwa likizungushwa taratibu, krosi husogea yenyewe bila nyundo. Wapo wanaotumia nyundo tu, na wengi wao ni mahodari, ila nyundo ikikosea ikapiga bomba la propela na kulibonyeza, umeua usawa wa mzunguko. Vile vibati vidogo vya chuma vilivyochomelewa kwenye bomba kiwandani, ambavyo kijana anaweza kuvidhania taka na kuvipiga tindo, ndivyo uzani wa kusawazisha. Vikitoka, propela itahitaji fundi wa leithi aliye na mashine ya kusawazishia.

Kurudisha ndiko kwenye adabu. Vikombe vya krosi mpya hutolewa na kuwekwa juu ya gazeti safi, kwa sababu mchanga wa Muyeye huingia kila mahali. Grisi hupakwa ndani ili sindano zisimame wima ukutani mwa kikombe. Nipeli ya grisi hutazamishwa upande ambao bomba la grisi litafika gari likiwa limesimama kwa miguu yake; wapo waliogundua baada ya kufunga kila kitu kwamba nipeli inatazama chuma. Kikombe cha kwanza huingizwa nusu, mkono wa krosi ukaingizwa ndani yake kabla ya kikombe cha upande wa pili kusukumwa, ili sindano zishikiliwe zisianguke. Na sindano moja huanguka, karibu kila mara kwa anayejifunza. Hulala kifudifudi kwenye kitako cha kikombe, nyembamba kama kijiti cha kiberiti, na dalili yake ni moja: saklipi inakataa kuingia kwenye mfereji wake, imebaki upana wa sindano. Mwenye haraka huipiga nyundo mpaka iingie. Mwenye subira hukitoa kikombe, akazipanga sindano upya.

Saklipi zote nne zikikaa, fundi hugonga masikio ya yoki kidogo kwa nyundo, kuviachia vikombe vijilaze kwenye saklipi zake, kisha huikunja krosi kwa mkono pande zote. Inatakiwa iende bila kukwama na bila kulegea. Halafu alama kwa alama, mstari kwa mstari, propela hurudi mahali pake.

Kuna jambo moja ambalo hata mafundi wazuri hulibishia. Wengi hudhani propela iliyonyooka kabisa, bila pembe yoyote, ndiyo propela bora, maana dosari ya Hooke hupotea pembe ikifika sifuri. Ni kweli hupotea. Lakini krosi isiyokunjwa hata kidogo haizisogezi sindano zake. Kila moja hubaki imekanyaga pale pale, maelfu ya mizunguko, mpaka ichimbe mfereji kwenye mkono wa msalaba. Ndiyo maana watengenezaji huacha makusudi pembe ndogo, hata ya nyuzi moja. Mwenye pikapu anayeongeza mabamba ya springi ili abebe mawe zaidi hugusa pembe hizo bila kujua, na ya difu inapobadilika peke yake, zile pembe mbili zilizokuwa sawa hazifanani tena.

Mtetemo hujulikana barabarani. Chukua matatu inayotii spidi gavana ya kilomita 80 kwa saa, sharti tunalolikumbuka tangu kanuni za aliyekuwa waziri, John Michuki, zilipoanza kutekelezwa mwaka 2004. Gurudumu lenye mzingo wa mita 2 huzunguka mara 11 kila sekunde. Difu ikiwa ya uwiano wa nne kwa moja, propela inazunguka mara 44 kwa sekunde, yaani zaidi ya mara 2,600 kwa dakika. Krosi zikiwa zimepangwa vibaya, kila mzunguko una misukumo miwili, kwa hiyo chini ya viti vya abiria mna misukumo karibu 90 kila sekunde. Kutoka Malindi hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 100.

Hata hivyo krosi haiogopi mwendo kama inavyoogopa kuondoka. Gia ya kwanza huzidisha msokoto wa injini mara kadhaa, na wote hupita kwenye ile mikono minne. Kabla daraja la Kilifi halijafunguliwa mwaka 1991, kila gari la Mombasa na Malindi lilivuka kwa kivuko, na lori lenye shehena lilianza safari ya ng'ambo kwa kupanda kutoka ukingoni mwa maji kwa gia ya kwanza, chuma kimelowa maji ya chumvi. Siku hizi ni malori ya chumvi na ya mchanga wa mto Sabaki yanayolipa ushuru huo. Chumvi hupenya midomo ya vikombe, ikala mipira ya kuzibia, na grisi hugeuka uji wa kahawia. Mafundi wa pwani husukuma grisi mpya mpaka ya zamani itoke midomo yote minne. Mdomo mmoja usipotoa kitu, kikombe hicho hakipati chakula, na siku zake zinahesabika.

Magari madogo yameihama krosi. Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele linahitaji kiungo kinachokunjwa sana, kwa kuwa gurudumu hilo hilo hukata kona, na kwa pembe kama hizo dosari ya Hooke haivumiliki. Miaka ya 1920 Alfred Rzeppa, mhandisi wa Ford, alibuni kiungo cha gololi sita zinazojipanga zenyewe katikati ya pembe, hivyo mwendo haupandi wala kushuka. Kilikuwa ghali, kikakaa miaka mingi kwenye magari ya jeshi, mpaka Mini ya Alec Issigonis ilipokiingiza kwenye gari la bei nafuu mwaka 1959. Probox, Vitz na Fielder zilizojaa Malindi zinatembelea mjukuu wake, sivii. Nayo ina mpira wake wa kuifunika, na mpira huo ukipasuka Muyeye, mchanga hufanya kazi ya kinu.

Kwenye magari ya propela kuna badiliko la karibuni ambalo sidhani lilifikiriwa kwa ajili yetu. Baadhi ya magari ya Kijapani hutoka kiwandani bila saklipi. Vikombe hupachikwa kwa mashine, kisha kingo za yoki hupondwa juu yake vikabaki humo daima. Kitabu cha mtengenezaji husema krosi ikifa nunua propela nzima. Mwenye gari hataki kusikia hayo, kwa hiyo fundi husaga kingo zile, hutafuta krosi yenye kipimo kilichokaribiana, huisukuma ndani na kuizuia kwa nukta nne za kuchomelea. Wapo wanaoifanya kazi hiyo kwa unyoofu na ikadumu. Wapo pia wanaochoma mpaka joto likapika grisi na sindano, na hiyo ni krosi iliyokufa kabla ya kushuka jeki. Mimi nisingelipanda gari la namna hiyo kwenda Lamu.

Krosi ya nyuma ikikatika, propela huburuta lami kwa kelele na gari husimama. Ya mbele ikikatika gari likiwa kasini ni jambo jingine: ncha ya propela huanguka chini ikielekea mbele, na ikikita kwenye shimo huweza kuliinua gari zima. Kwa sababu hiyo mabasi na malori mengi hutoka kiwandani na mkanda wa chuma uliozungushwa chini ya propela, upande wa mbele, wa kuidaka ikianguka. Hauzunguki, haupakwi grisi, na humkera anayetaka kutoa propela haraka. Ukilala chini ya baadhi ya malori yaliyozeeka barabara ya Malindi, utakuta matundu mawili ya bolti zake tu.